Kupita na Kuketi

Tulimzika Mzee Loishiye Jumamosi iliyopita, bomani kwake, upande wa magharibi wa Mlima Meru, na mlima wenyewe haukujitokeza. Wingu lilikuwa limeufunika tangu asubuhi, na mimi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na ushee, nilisimama katikati ya waombolezaji nikiukasirikia mlima kama jirani aliyealikwa akakataa kuja. Mchungaji alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alibatizwa, alioa, alifuga, alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Hapo kwenye uenyekiti alipita kwa sentensi moja, akahamia kwenye wajukuu. Nilijikuta nimenyanyua mkono nusu, kama mwanafunzi anayetaka kumsahihisha mwalimu. Bibi Ndeshi, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo na alikuwa amenishika kiwiko kwa mkono wa pili, alinibana. "Tulia wewe," akaninong'oneza. "Tabia yako ya kusahihisha watu haijaisha tu?" Nikashusha mkono. Lakini tangu siku ile mwaka mmoja wa ujana wangu umerudi na kugoma kuondoka, kwa hiyo nauandika kama ulivyokuwa, pamoja na sehemu yangu, ambayo si nzuri.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilijua kila kitu. Nilikuwa nimeajiriwa kwa muda kuwa karani wa ofisi ya mtaa, mtaa ambao sitautaja jina kwa sababu wengi wa wahusika bado wanaishi huko na tunaonana. Itoshe kusema uko pembezoni mwa jiji, ukipita Olasiti unaendelea kidogo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao mwembamba. Upande wa mbele kulikuwa na meza ya mwenyekiti, bendera, benchi la wenye shida, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyetaka kuitoa kwa kuwa ilikuwa na picha nzuri ya twiga. Upande wangu kulikuwa na kompyuta, printa iliyokohoa kabla ya kila karatasi, na mlango mdogo wa kwenda jikoni. Jiko lilikuwa la Bibi Ndeshi. Alikuwa amestaafu uhudumu katika ofisi moja ya ardhi, kazi ya kufagia na kupeleka chai, na baada ya kustaafu alikuja kupika chakula cha mchana nyuma ya ofisi yetu, akiwauzia mafundi na wenye kesi. Jumanne ilikuwa loshoro, mahindi yaliyochemshwa yakalainika, yakachanganywa na ndizi na maziwa mgando, chakula ambacho Wameru na Waarusha hubishana ni cha nani huku wote wakikimaliza. Alhamisi ilikuwa machalari, ndizi na nyama kwenye sufuria moja, na siku hiyo migogoro ya mipaka iliisha mapema kwa sababu harufu ilipenya ubao na watu wakaanza kukubaliana haraka. Nilisikia kila kitu kupitia ule ubao: wanandoa, mbuzi waliopotea, kaka aliyehamisha jiwe la mpaka. Sikuwahi kufikiri kwamba na jikoni nako kuna mtu ananisikia mimi.

Mzee Loishiye alikuwa mrefu kiasi kwamba akiingia ofisini aliinama hata pale ambapo mlango ulimtosha, kwa mazoea tu. Lugha yake ilikuwa Kimaa. Kiswahili alikipata ukubwani, kanisani, na kilimtoka kwa namna yake, "mtoto yangu", "kiti hii", kisha ghafla neno zito la mimbarini ambalo hakuna mtu sokoni analitumia. Mtendaji wa mtaa alikuwa amehamishwa na mwingine hajaletwa, kwa hiyo mzee aliandika kumbukumbu za vikao mwenyewe, kwenye kauntabuku jeusi, kwa herufi kubwa zilizoachana kama ng'ombe malishoni. Mimi nilizichapa. Na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na alama nzuri kabisa za Kiswahili, nilizichapa nikizinyoosha. Mara nyingine nilimsomea kwa sauti kabla ya kunyoosha, ili walioko kwenye benchi wacheke, na mzee mwenyewe alicheka nao, jambo ambalo nililichukua kuwa idhini. Leo nikikumbuka sauti yangu ya wakati ule natamani kutoka chumbani nimwache yule msichana peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka barua ilikuja kutoka jijini. Jiji lilikuwa linakua na lilitaka kujua lina ardhi gani, na kila mtaa uliombwa kuorodhesha maeneo yake: shule, makaburi, zahanati, na mengineyo. Kikao kilifanyika, mzee akaandika, nami nikafungua kauntabuku nichape. Mstari wa mwisho ulisema: Eneo la wazi, kutoka barabarani mpaka mfereji.

"Mzee," nikasema, "hii 'eneo la wazi' si Kiswahili."

"Si Kiswahili ni nini sasa?"

"Huwezi kusema 'mlango wa wazi'. Mlango uko wazi. Na eneo nalo liko wazi. Kwa hiyo tunasema 'eneo lililo wazi'."

"Mimi nilisikia watu ya ardhi wanasema namna hiyo."

"Basi na wao wamekosea. Hicho ni Kiswahili cha ng'ombe, mzee."

Benchi likacheka. Mzee akacheka. Jikoni mwiko ulikuwa unagonga sufuria. Ukanyamaza, kisha ukaendelea. Nikachapa eneo lililo wazi, printa ikakohoa, mzee akapiga mhuri na kusaini bila kusoma kwa sababu aliniamini, na karatasi ikaenda mjini.

Eneo lenyewe tuliliita Juu, basi, halikuwa na jina jingine. Kwaya ilifanya mazoezi Juu, wanawake waliotoka sokoni walipumzikia Juu kabla ya kumalizia mlima, na waliofiwa, siku ya tatu au ya nne nyumba ikiwaelemea, walipelekwa Juu wakapigwe na upepo. Ulikuwa mteremko wa nyasi ulioanza barabarani na kupanda taratibu, ukipita mstari wa miti ya migrivea, mpaka kwenye mfereji wa maji yanayoshuka kutoka msituni. Karibu na mfereji kulikuwa na jiwe bapa. Hapo ndipo Mzee Loishiye alipokwenda kila jioni baada ya kufunga ofisi. Utotoni alichunga hapo, kabla hakujawa na mtaa wala ofisi. Mimi nimezaliwa kwenye miteremko ya Meru, kwenye migomba na kahawa, na aliyezaliwa mlimani haoni mlima, anaona shamba la jirani. Mara ya kwanza kupanda Juu wingu likiwa limeondoka niliogopa. Nasema niliogopa kwa maana yake hasa. Mlima ulikuwa umesimama pale mzima, kuanzia mashamba ya chini, msitu mweusi, mpaka mawe matupu ya kileleni, na nilihisi kwamba ulikuwa unaniangalia siku zote nilipokuwa nikichagua vitambaa na kuhesabu alama zangu za mtihani. Nilisahau chakula changu mkononi. Baada ya hapo nilipanda kila siku ya kazi niliyoweza, na sikuwahi kuuzoea.

Masika ilipokwisha tangazo likaja, karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Jiji lilikuwa linauza ardhi yake ya ziada, zile sehemu ambazo hazina matumizi. Nilizibandika mlangoni mwenyewe, kwa gundi na uhodari, na nilipokuwa nalainisha kona ya chini nikaona jina la mtaa wetu na mbele yake maneno haya: eneo lililo wazi, kutoka barabarani mpaka mfereji. Nilikitambua kile kifungu kama mtu anavyotambua gauni lake limevaliwa na mtu mwingine. Sikuelewa bado kilichotokea, lakini niliiacha kona bila kuimalizia, nikaingia ndani. Haikuchukua muda mrefu mnunuzi akapatikana. Asubuhi moja wanaume wanne wakavuta kamba na kuanza kuchimba mashimo ya nguzo za uzio, na jioni ile Mzee Loishiye alilikuta jiwe lake liko upande wa pili wa kamba. Hakuruka kamba. Alisimama hapo mpaka giza lilipoingia, akarudi nyumbani.

Aliyenieleza alikuwa Bibi Ndeshi, jikoni, akimenya ndizi bila kuniangalia. Bibi Ndeshi hakuwa mtu wa kumpa mtu pole mapema.

"Kule ofisini nilipeleka chai miaka mingi," akasema, "na chai haizibi masikio. 'Eneo la wazi' ni jina. Kama vile wewe unavyoitwa Elisifa. Ni mahali pa watu wote, hapauzwi, hapajengwi. 'Eneo lililo wazi' siyo jina. Ni mahali ambapo hapana kitu. Wewe umewaandikia kwamba pale hapana kitu."

"Ulinisikia siku ile?"

"Nilikusikia, mwiko ukaniganda mkononi. Nikasema labda siku hizi wamebadilisha, huyu binti amesoma." Akatupa ganda la ndizi. "Na mimi nilinyamaza, Elisifa. Kwa hiyo siwezi kukusema. Lakini lile daftari la mzee liko kwenye droo yako, siyo yangu."

Lilikuwa kwenye droo yangu kweli. Wiki zote zilizofuata sikufikiri kitu kingine. Ramani ya zamani iliuonyesha upande wetu wote kama mashamba matupu, kwa hiyo ushahidi pekee kwamba Juu ilikuwa ya watu ulikuwa mstari mmoja wa kalamu ya bluu, na mstari huo ungeonyesha pia nani aliubadilisha. Nililifunga daftari kwa ufunguo. Nilifungua droo kuhakikisha lipo, nikafunga tena. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata kazi ya ofisini, na kila Jumapili kanisani watu walinisalimia kwa cheo. Chakula kilinishinda. Alhamisi machalari yalinukia, wengine wakalamba vidole, mimi nikasema nina kiungulia. Na Mzee Loishiye, ambaye sasa jioni zake hazikuwa na pa kwenda, alibaki ofisini akipanga mafaili yaliyokwisha kupangwa, akaniuliza kama ninaumwa, akasema kama ninaumwa nipumzike, kazi ipo tu.

Kikao kiliitishwa mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya Arusha inayowafanya watu wavae makoti ndani ya nyumba. Ofisi ilijaa, na waliokosa nafasi walijazana madirishani. Alikuja afisa ardhi, mtu mpole aliyekuwa na mafua. Alikuja mnunuzi, ambaye tulikuwa tumemtengenezea pembe na mkia, kumbe ni mwanaume wa makamo aliyevaa sweta la kufumwa kwa mkono, aliyetaka kujenga ukumbi wa harusi wenye bustani. Na alikuja wakili wake, dada mmoja mwenye miwani na faili jembamba. Watu waliongea, wakalia, wakatishia. Yule dada aliwasubiri wote wamalize, kisha akafungua faili.

"Hii ni orodha ya mtaa wenu wenyewe," akasema. "Ina mhuri na saini ya mwenyekiti. Inasomeka hivi: 'eneo lililo wazi'. Jiji halikuwanyang'anya kitu. Ninyi mlisema hapana kitu."

Sauti ikatoka dirishani: "Ndiyo faida ya kumpa mzee wa Kimaa kalamu! Lugha yenyewe hajui!"

Wakacheka. Ulikuwa ule ule mcheko wa kwenye benchi, niliokuwa nikiuomba kila siku. Mzee Loishiye alisimama, akainamisha kichwa ingawa dari ilikuwa mbali.

"Saini ni yangu," akasema. "Kama kuna kosa, kosa ni yangu."

Nililisikia lile "yangu". Maisha yangu yote sikio langu lilikuwa limerukia vitu kama hivyo, na lilirukia na hapo, likasema langu, kosa ni langu, na nikaelewa kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemsahihisha sawasawa. Aliujua mstari alioandika. Alikuwa ameshaisikia karatasi ikisomwa mbele ya watu wote na alijua si maneno yake. Alikuwa anasimama pale akichekwa ili mimi niendelee kuwa binti msomi wa ofisi. Nilifungua droo. Ufunguo uligonga chuma, na kila mtu akageuka.

"Naomba kusoma," nikasema, na nikasoma: Eneo la wazi, kutoka barabarani mpaka mfereji. "Haya ndiyo maneno ya mwenyekiti. Mimi nilichapa mengine. Nilidhani hajui Kiswahili. Ambaye hakujua ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Afisa ardhi alilichukua daftari, akatazama tarehe, akatazama majina ya wajumbe na saini zao zilizopangana chini, akapenga kamasi, akasema hili linabadilisha mambo. Lakini, akasema, mnunuzi naye amenunua kwa haki, kwa karatasi halali, na mkienda mahakamani uzio utasimama pale miaka mkisubiri. Mnajua mahakama. Akashauri tupumzike siku chache, kisha sote tukutane kulekule Juu, kwenye nyasi, tuzungumze. Watu wakatawanyika wakinipita bila kunisalimia, na nilistahili.

Jioni ile nilikata jani la sale kwenye ua wa jikoni kwa Bibi Ndeshi. Kwetu Wameru, sale ndilo linalopandwa mpakani, na ndilo pia anayekosea humbebea aliyemkosea. Ukiletewa sale, unasikiliza. Nilimkuta Mzee Loishiye amesimama kwenye kamba. Nilimpa kwa mikono miwili, nikiwa nimepiga goti. Alilipokea, akaligeuzageuza.

"Hii ni dawa ya kwenu," akasema. "Sisi kwetu ni nyasi. Ng'ombe anakula nyasi, sisi tunakula kwa ng'ombe. Mtu akishika nyasi mbele yako, huwezi kupiga yeye." Akainama, akapitisha mkono chini ya kamba, akang'oa konzi ya nyasi za Juu, akanipa. Sale akalitia mfuko wa koti. "Ashe, asante, mtoto yangu. Kesho uje mapema, kuna barua mingi."

Nilikwenda nyumbani nimeshika nyasi kiganjani, na nililia njia nzima bila kuficha, kwa sababu sikuwa nimejua kwamba binadamu anaweza kusamehe kwa haraka hivyo na bado akawa na adabu ya kukushukuru.

Siku ya kukutana Juu mlima ulikuwa umefungwa kwa wiki nzima. Wingu lilikuwa chini kabisa, kwenye migrivea. Bibi Ndeshi alikuja na loshoro kwenye ndoo yenye mfuniko na bakuli za bati, akasema mtu mwenye njaa haachii kitu, ameliona hilo kwa wakubwa wengi. Tulikula tumesimama, tukitetemeka. Mnunuzi alikuwa amekubali nusu ya njia. Ukumbi wake angejenga chini, karibu na barabara. Huku juu, kuanzia migrivea mpaka mfereji, angeacha nyasi, na ingawa ardhi ingebaki kwenye hati yake, watu wangeruhusiwa kupita.

"Ondoa 'wataruhusiwa'," Bibi Ndeshi akasema huku akimwongezea loshoro. "Mtu akikuruhusu leo, kesho anaamka vibaya anakukataza. Andika 'watapita'."

Wakili alimtazama juu ya miwani, kwa heshima nadhani, akakata neno. "Watapita."

"Kupita haitoshi," Mzee Loishiye akasema.

"Mzee, kupita ndiyo haki yenyewe," mnunuzi akasema. "Nikiwaacha na zaidi, bustani yangu itakuwa stendi. Siwezi."

Na hapo mlima ukafunguka. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Wingu halikuondoka pole pole. Lilichanika juu, mahali ambapo mtu hatazamii kuona ardhi, na kilele kikawa pale, karibu mno, juu mno, jua limekipiga upande mmoja. Kisha mabega. Kisha msitu wote ukitoa mvuke. Afisa ardhi aliacha kupenga. Kijiko cha mtu kilianguka kwenye bakuli na hakikuokotwa. Nilikuwa nimeuona mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kuuona pamoja na watu waliokuwa wanabishana juu yake, na ulitufanya sote kuwa wadogo kwa kipimo kimoja. Mnunuzi alirudi nyuma hatua moja, mbili, na bila kuangalia alijishusha juu ya lile jiwe bapa, na sweta lake na bakuli lake mapajani. Alibaki pale mpaka wingu lilipoanza kurudi.

Bibi Ndeshi akaweka upawa chini. "Hicho ulichofanya sasa hivi," akamwambia, "ndicho tunataka kiandikwe."

Mnunuzi aliangalia jiwe, akaangalia watu, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Nimekaa dakika mbili tu, mama."

"Basi andikeni watu watakaa," afisa akasema.

"Hapana," wakili akasema, na kalamu yake ikasimama. "'Kukaa' siandiki. Mnakaa wapi? Nakaa Olasiti, nakaa Terrat. Nikiandika watu watakaa hapa, kesho mtu anajenga kibanda, ananionyesha sahihi yangu. Neno moja limeshatuleta hapa, sitaki la pili."

Alikuwa na haki, na wote tulijua. Watu wakaanza kujaribu. Kupumzika? Anayelala naye anapumzika. Kusimama? Bibi Ndeshi akauliza kama wao ni nguzo. Wote wakanigeukia mimi, msomi, na kichwani mwangu hamkuwa na neno jingine. Nilikuwa nimetumia "kukaa" maisha yangu yote, kwa kiti na kwa nyumba, kama watu wote wa huku.

"Kuketi," Mzee Loishiye akasema.

Tulimtazama. Alilisema kama kawaida yake, kwa sauti ya kanisani, neno la kwenye Imani tunayoikiri kila Jumapili, 'ameketi mkono wa kuume', na ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulileta nyumbani. "Mtu akiketi, hajengi," akasema. "Ameketi tu. Anaangalia. Halafu anainuka."

Wakili alilirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akatafuta tundu ndani yake, akakosa. "Kupita na kuketi," akasema, "kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama." Mnunuzi akiwa bado kwenye jiwe akasema sawa. Mzee akaniita. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, nikaandika rasimu ndani ya kauntabuku lile lile, yeye akinitajia neno baada ya neno, na sikubadilisha hata herufi moja. Mahali aliposema "nyasi hii" niliandika nyasi hii. Wakati ule nilijua kabisa kwamba ninaandika kitu kikubwa kuliko chochote nitakachokuja kuandika, na mpaka leo, pamoja na vitabu vyangu viwili vitatu, sijabadilisha mawazo.

Uzio ulijengwa chini ya migrivea badala ya juu. Mwisho wa mwaka mijakaranda ya mjini ilipochanua, ofisi ya mtaa ilipata mtendaji na mkataba wangu ukaisha, na Bibi Ndeshi alinipikia machalari siku ambayo haikuwa Alhamisi. Nilihamia mikoani, nikaolewa, nikarudi, nikahama tena. Mzee Loishiye nilimwona mara chache, na kila mara alinisalimia kwa Kimaa kwanza, halafu akaniuliza kama naandika vizuri. Sikumwambia kamwe kwamba kila ninapomaliza ukurasa huusoma kwa sauti yake.

Baada ya mazishi, Jumamosi ile, watu walipoanza kupewa chakula, Bibi Ndeshi aliniambia hana hamu ya pilau, ana hamu ya kwenda Juu. Jirani mwenye gari akatushusha getini. Ukumbi upo, mzuri, umepakwa rangi ya maziwa, na siku hiyo kulikuwa na harusi. Vyombo vya muziki vilikuwa vinajaribiwa ndani. Pembeni mwa ukumbi ipo njia ya mguu, na kando ya njia Bibi Ndeshi alikuwa amepanda masale zamani zile, sasa yamenipita urefu. Nilipanda nikimshika, tukisimama kila baada ya hatua kumi, na nilikuwa nalia kidogo kidogo kama mtu anayetokwa jasho. Kwenye migrivea tulimkuta mlinzi, mama wa makamo mwenye kofia ya sufu na tochi mchana kweupe. Lafudhi yake ilikuwa ya Singida. Hakutufahamu, wala hakuwa na sababu ya kumfahamu mtu aliyezikwa asubuhi ile.

"Shikamoo bibi," akamwambia Bibi Ndeshi, kisha akanigeukia. "Karibuni. Mna shida gani?"

"Hatuna shida," nikasema, nikijifuta uso. "Tumekuja kukaa kidogo tu, pale kwenye jiwe."

Akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu aliyezoea kusahihisha wageni.

"Hapa hatukai, mama," akasema. "Hapa tunaketi."

Bibi Ndeshi alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Juu yetu wingu lilikuwa pale pale, zito, halina dalili ya kufunguka.

"Samahani," nikamwambia yule mlinzi. "Tumekuja kuketi."